Mguu wa Msafiri: Kutembea na Wafugaji wa Karagwe na Kyerwa

Kutembea nyuma ya mwenyeji ni njia ya kale ya kuijua nchi ya watu. Kusini mwa Moroko, Sahara inapoanzia, wageni hufuatana na wahamaji wa Kiberberi; ngamia hubeba maji, mahema na chakula, naye mwenyeji hutangulia kwa kuwa ndiye ajuaye kisima kiliko. Kaskazini mwa Kenya, Wasamburu huwaongoza wageni kwa mtindo huohuo, na huko Mkuru, chini ya Mlima Meru mkoani Arusha, Wamaasai nao wamewatembeza wageni kwa ngamia. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hakuna misafara ya ngamia. Mgeni anayetaka kuviona vilima, nyika na mabonde ya mafunjo kandokando ya Mto Kagera hutembea kwa miguu yake mwenyewe: ndani ya hifadhi akiongozwa na askari wa wanyamapori, na nje ya hifadhi akifuata nyayo za mfugaji na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kwa hiyo afya ya atembeaye katika nchi hii, awe mtalii, mwongozaji, mfugaji au mtumishi wa hifadhi, ni jambo linalostahili kuzungumzwa. Katika safari isiyo na mnyama wa kubeba, mguu ukishindwa, safari nayo imekwisha. Karagwe ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hili, nao ni ushahidi ambao madaktari wa leo bado wanausoma kwa makini.

Kwa nini hakuna ngamia

Ngamia ameumbwa kwa ajili ya ukame. Mtu akipata joto hutoka jasho mara moja, lakini ngamia aliyeishiwa maji huuacha mwili wake upande joto kwa takriban nyuzi sita mchana, kisha huupoza usiku, na hivyo huokoa maji ambayo yangepotea. Anaweza kupoteza maji yafikayo robo ya uzito wake na bado akatembea. Akifika kisimani hunywa lita 100 au zaidi kwa muda mfupi. Mtu hana uwezo huo. Akipoteza maji ya asilimia mbili tu ya uzito wake, nguvu na umakini huanza kupungua. Akifika asilimia kumi, maisha yake yamo hatarini.

Hata hivyo, ngamia ana adui asiyemuweza, naye ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Inzi huyu hueneza vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo kwa mifugo husababisha nagana na kwa binadamu husababisha malale. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pwani ya kusini, karibu na Mikindani, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o. Wengi wao walifia njiani. Ndiyo maana, katika sehemu kubwa ya bara la Tanganyika, misafara ya karne ya 19 haikubebwa na wanyama bali na wapagazi, kila mmoja akiwa na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, kichwani au begani.

Ni kwa misafara ya namna hiyo kwamba wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliifikia Karagwe. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar mwaka 1860, wakiwa na wapagazi na viongozi wa msafara, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kuishi India. Walitembea zaidi ya mwaka mzima. Novemba 1861 wakaingia Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na Omukama Rumanyika.

Miezi mitano kitandani

Mwezi uliofuata, Desemba 1861, Grant alishikwa na homa, na mguu wake wa kulia ukaanza kuvimba kuanzia juu ya goti. Aliyaandika mateso yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 kiitwacho A Walk Across Africa, jina lenye maana ya matembezi ya kuvuka Afrika. Mguu ulikaa umevimba na kuharibika umbo kwa mwezi mzima, ukiwa na maumivu makali. Ulipopasuliwa kwa kina, usaha mwingi ulitoka na maumivu yakapungua kwa muda. Kwa miezi mitatu majipu mapya yaliendelea kutokea na kupasuliwa. Goti lilikakamaa likiwa limepinda, na kutembea kukawa hakuwezekani.

Speke hakuweza kungoja. Januari 1862 aliendelea kwenda Buganda, akamwacha mwenzake chini ya ulinzi wa Omukama. Watu wa Karagwe walimhurumia mgonjwa na wakajaribu kumtibu kwa elimu waliyokuwa nayo. Mganga mmoja alimpaka dawa nyeusi kwenye chanjo ndogondogo. Alifungwa pia dawa ya kukanda, mchanganyiko wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, ukiwa wa moto. Ugonjwa ulipungua wenyewe katika mwezi wa tano, ndipo akaweza kutoka nje ya kibanda na kuliona tena ziwa na vilima. Aprili 1862 alibebwa kwa machela kuelekea Buganda. Mwezi Julai, Speke alipofika mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, Grant hakuwa naye. Mtu aliyetembea kutoka pwani ili akione chanzo cha Nile hakukiona, na mguu ulikuwa na sehemu kubwa katika hilo.

Zaidi ya karne moja baadaye, madaktari waliosoma maelezo hayo waliyalinganisha na ugonjwa wanaoufahamu. Wengi wao wanaona kwamba mguu wa Grant huenda ulikuwa na donda la Buruli la aina ya uvimbe mkubwa, na kwamba ukurasa huo ulioandikwa Karagwe ni maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo yanayojulikana. Hakuna kipimo kilichofanywa wakati ule, hivyo hitimisho hilo limetokana na dalili zilizoandikwa tu. Lakini ni hitimisho lenye uzito, hasa kwa kuwa mwaka 1897 Albert Cook, daktari wa Hospitali ya Mengo huko Kampala, alieleza vidonda vinavyofanana na ugonjwa huo, na jina lenyewe la Buruli limetoka katika eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana katikati ya karne ya 20.

Donda la Buruli ni nini

Donda la Buruli husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium ulcerans, ambaye ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma. Bakteria huyu hutoa sumu iitwayo mikolaktoni. Sumu hiyo hufanya mambo matatu kwa pamoja: huua ngozi na nyama iliyo chini yake, huzuia kinga ya mwili isipambane, na hufisha hisia za maumivu. Kwa sababu hiyo, mara nyingi mgonjwa huwa na kidonda kikubwa kisichomuuma, naye huchelewa kutafuta tiba akidhani kwamba kisichouma hakina madhara.

Ugonjwa huanza kwa mojawapo ya sura hizi: kinundu kigumu chini ya ngozi, bamba la ngozi ngumu lisilo na mipaka iliyo wazi, au uvimbe ulioenea kwenye mguu au mkono mzima. Baadaye ngozi hufunguka na kuwa kidonda ambacho kingo zake zimechimbika kwa chini, yaani uharibifu chini ya ngozi ni mpana kuliko tundu linaloonekana. Miguu ndiyo inayoshambuliwa zaidi, ikifuatiwa na mikono. Barani Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Ugonjwa huonekana zaidi kwa watu wanaoishi karibu na maji yanayokwenda polepole na maeneo ya majimaji. Njia kamili ya maambukizi bado inachunguzwa, lakini kwa kawaida hauambukizwi kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa, kumnyima chakula cha pamoja au kudhani kwamba amelogwa.

Tiba ipo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza dawa mbili za kumeza, rifampisini na klarithromisini, kwa wiki nane. Kinundu kidogo kikitibiwa mapema, wagonjwa wengi hupona bila kufanyiwa upasuaji mkubwa. Aliyechelewa huenda akahitaji kupandikizwa ngozi, na asipofanyishwa mazoezi ya viungo, goti au kiwiko hukakamaa kama goti la Grant. Tofauti kati ya wiki nane za vidonge na kilema cha maisha mara nyingi ni tofauti ya siku ambayo mgonjwa alifika zahanati.

Dawa ya moto aliyofungwa Grant inastahili kuelezwa kwa haki. Bakteria huyu hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 33 hivi, ambalo ni chini ya joto la ndani ya mwili. Ndiyo maana hupenda ngozi ya mikono na miguu. Watafiti wa zama zetu wamewahi kujaribu kutibu vidonda hivyo kwa vifungashio vya joto, na matokeo yakawa ya kutia moyo. Hivyo wazo la kukanda kwa joto halikuwa upuuzi. Lakini samadi na tope kwenye ngozi iliyofunguka hualika pepopunda na maambukizi mengine. Mhudumu wa afya anayekutana na mgonjwa aliyekandwa hivyo asimkaripie. Aoshe kidonda kwa maji safi, aulize kuhusu chanjo ya pepopunda, kisha aendelee na uchunguzi.

Si kila uvimbe ni Buruli

Mguu wa msafiri unaweza kuvimba kwa sababu nyingi, nyingine zikiwa za haraka zaidi. Mtu aliyesafiri kwa basi siku nzima kutoka Dar es Salaam hadi Karagwe, kisha akavimba ndama ya mguu mmoja kwa maumivu, anaweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa. Damu hiyo ikisafiri hadi mapafuni huua, kwa hiyo mtu huyo hapaswi kukandwa wala kusuguliwa mguu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ngozi nyekundu yenye joto, inayoenea saa hadi saa pamoja na homa, ni dalili ya maambukizi ya bakteria wa kawaida yanayohitaji antibiotiki bila kuchelewa. Uvimbe wa ghafla wenye alama za meno huashiria nyoka: mguu utulizwe usichezeshwe, wala usikatwe, usifyonzwe wala kufungwa kamba ya kuzuia damu. Mgonjwa wa kisukari anaweza kutembea na malengelenge yaliyopasuka bila kuhisi, na kidonda chake kikaoza ndani ya kiatu.

Kwa sababu hizo, kanuni ya njiani ni rahisi kuliko orodha ya magonjwa. Kila jioni, kabla ya kulala, viatu na soksi vivuliwe na miguu ioshwe, ikaushwe na kutazamwa, hata katikati ya vidole na kwenye unyayo. Asiyeweza kuinama atazamwe na mwenzake. Lengelenge lisilopasuka lifunikwe lisitobolewe. Mwiba utolewe kwa kifaa safi. Uvimbe wowote unaoongezeka kwa siku mbili mfululizo, au kinundu kisichoondoka kwa wiki mbili, kiwe kinauma au hakiumi, kionwe na mtaalamu.

Maji, maziwa, inzi na mapango

Mfugaji aliyezoea hupanga mwendo kwa mujibu wa ng'ombe na jua: hutoka alfajiri, hupumzika kivulini saa sita, hurejea jioni. Mgeni aige ratiba hiyo. Anywe maji kidogokidogo kabla ya kiu kumbana, na autazame mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa. Anayehara au kutapika njiani anywe maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, si maji matupu peke yake.

Mwenyeji anapomkaribisha mgeni kwa kibuyu cha maziwa, anamheshimu, na kukataa kwa dharau ni kumvunjia heshima. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela, ambavyo kwa ng'ombe husababisha kutupa mimba, na kwa binadamu huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na kiuno kwa majuma au miezi. Maziwa ya ngamia huko jangwani yana hatari hiyohiyo. Suluhisho si kukataa bali kuomba yachemshwe, na mwongozaji mwenye busara humwambia mwenyeji mapema, kabla kibuyu hakijaletwa, ili pasiwe na aibu kwa upande wowote.

Mbung'o huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo mavazi ya rangi ya udongo au kijani kilichofifia hufaa zaidi. Malale ya Afrika Mashariki hwenda kwa kasi. Mahali inzi alipouma huenda pakavimba kama jipu, kisha huja homa na kichwa kuuma. Baada ya wiki au miezi michache ubongo huathirika, na asipotibiwa mgonjwa hufa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya vidonge iitwayo feksinidazoli katika mwongozo wa tiba ya aina hii ya malale, jambo lililorahisisha matibabu ambayo zamani yalitegemea sindano kali.

Mapango yaachwe. Kagera imepitia milipuko miwili ya ugonjwa wa Marburg: wa kwanza ulitangazwa Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, na wa pili Januari 2025 wilayani Biharamulo. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni ndio hifadhi ya asili ya virusi hivyo. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg baada ya kutembelea pango la popo magharibi mwa Uganda, na mtalii wa Marekani aliyeingia pango hilohilo aliugua akapona. Mwongozaji anayemkataza mgeni kuingia pangoni anamwokoa yeye, familia yake na wahudumu watakaompokea.

Swali la chumba cha uchunguzi

Mgonjwa wa safari mara nyingi huugua akiwa ameshafika nyumbani. Mfugaji hufika zahanati ya kata yake. Mtalii hufika hospitali ya mji wake, mbali na Kagera. Kwa hiyo kila mhudumu wa afya, popote alipo, ana swali moja la kuuliza: katika miezi mitatu iliyopita ulitembea wapi, na uligusana na nini? Jibu laweza kubadili utambuzi mzima. Homa ya mtu aliyeumwa na mbung'o, ambaye kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha hana malaria, isiishie katika kuandikiwa dawa za maumivu. Kipimo hicho hakioni vimelea vya malale. Hadubini huviona katika tone la damu, ikiwa aliyeishika anajua anachotafuta. Homa ya aliyeingia pangoni inataka tahadhari ya maambukizi kabla ya sindano ya kwanza. Kidonda kisichouma chenye kingo zilizochimbika kinahitaji sampuli ipelekwe maabara kubwa ili ithibitishwe kwa kipimo cha vinasaba, na mgonjwa apewe rufaa mapema, ikibidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza.

Mwongozaji na mfugaji nao ni sehemu ya huduma hii. Ndio wanaoona mgeni akichechemea kabla yeye mwenyewe hajakiri. Ndio wanaojua zahanati iliyo karibu na njia inayopitika wakati wa masika. Inafaa waongozaji wafundishwe huduma ya kwanza, wabebe chumvichumvi, bandeji safi, sabuni na namba za simu za vituo vya afya, na wapewe mamlaka ya kusimamisha safari bila kuogopa hasira ya aliyelipa. Miguu yao pia itazamwe: wao hutembea kila siku, mara nyingi kwa ndala au peku, na hukanyaga majimaji ambayo mgeni huvuka mara moja tu.

Katika Bweranyange ya 1861, mgeni aliyevimba mguu hakuwa na mahali pa kwenda. Alichopata ni huruma ya wenyeji, na alingoja hadi mwezi wa tano. Mgonjwa wa leo wa Karagwe au Kyerwa, mgeni au mwenyeji, akiona kinundu au uvimbe usiopungua, asisubiri uanze kuuma. Aende zahanati wiki hiyohiyo, na aseme alikotembea hata kama hajaulizwa.